Karibu ya Mdomo

Ukisikia mtu anasema njaa ya mchana ni kitu kidogo, jua kwamba hajawahi kushona kola mia mbili kabla ya saa saba. Yule dada alikuwa amezishona, na ya mia mbili na moja aliiacha chini ya sindano kengele ilipolia. Akachomoka kiwandani na koti lake la kazi la buluu, nyuzi nyeupe zimemganda mikononi, kitambaa cha manjano alichojifunga kichwani kimeteleza hadi kwenye nyusi. Alikuwa na dakika thelathini na tano. Kumi za kwenda na kurudi, kumi za foleni, zilizobaki za kula, kama kipo cha kula.

Kibanda alichozoea, pale karibu na lango la kiwanda, kilikuwa kimefungwa. Mlango wa pili ulikuwa wa mgahawa wenye vitambaa vya meza, na watu wa mshahara wake hupita mbele ya vitambaa vya meza bila kugeuka. Akafanya jambo la akili: akawafuata wafagiaji. Katika mji wowote, ukitaka chakula cha bei nafuu na cha kushiba, wafuate wafagiaji na walinzi, usiwafuate wenye tai. Wakampeleka nyuma ya jengo refu la maofisi, baina ya jenereta na matangi ya maji, kwenye ua wenye mabenchi sita na masufuria matatu makubwa.

Mwenye masufuria alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kamanda. Wateja walimwita Mama Upawa, kwa sababu upawa wake ulikuwa mmoja kwa kila mtu, na wa pili aliutoa tu kwa aliyemchekesha.

"Kimeisha, mwanangu," alimwambia yule dada. "Umepishana nacho hapo mlangoni."

"Hata wali mtupu?"

"Nimebakiza maji ya kuoshea sufuria. Unataka?"

Dada hakuwa na nguvu ya kucheka. Aliona nafasi moja kwenye benchi la mwisho, akaketi apumzishe miguu. Mbele yake alikaa mwanamume mwenye ovaroli ya kijivu, doa la grisi shingoni, bisibisi imechungulia mfukoni. Sahani yake ilikuwa imejaa wali na maharage, na ndiyo kwanza alikuwa anachanganya. Kwa adabu, bila hata kuinua macho, akasema:

"Karibu."

Karibu hiyo sote tunaijua. Hutolewa na mwenye sahani kwa yeyote aliye karibu, na jibu lake ni "Asante, endelea," kisha kila mtu akaendelea na maisha yake. Haijawahi kumlisha mtu tangu dunia iumbwe. Lakini mwenye njaa hana miiko. Dada aliangalia kopo la vijiko katikati ya meza, akachomoa kimoja, akakifuta kwa ncha ya koti lake.

"Asante," akasema, akala.

Mwanamume aliinua macho. Aliangalia kijiko, akaangalia mdomo, akaangalia tena kijiko kikirudi.

"Dada."

"Abee."

"Nilisema karibu."

"Nimesikia. Ndiyo maana nimekaribia."

"Hapana, nilisema karibu ya... karibu tu. Ya kusema."

"Kwani zipo ngapi?"

"Zipo mbili. Ipo ya mdomo, na ipo ya kweli."

"Ungetangulia kunieleza," dada alisema, anatafuna. "Mimi nimelelewa na bibi. Aliniambia mtu akikukaribisha usimwaibishe."

"Bibi yako hakukwambia kwamba nyama... aa, kwamba maharage ya katikati ni ya mwenye sahani?"

Akachora mstari katikati ya wali kwa kijiko chake. "Huku kwangu. Huko kwako. Ukivuka mpaka naita walinzi."

Dada akacheka hadi kitambaa kikamwangukia machoni. Mama Upawa aliwatazama kutoka kwenye masufuria, akaja na upawa wa maharage aliyosema yameisha, akaumwaga juu ya mpaka, mpaka ukazama.

Ndivyo walivyojuana. Mwanamume yule alikuwa fundi wa lifti, na dada akampa jina la Ghorofa siku hiyo hiyo. Ghorofa naye alimwita Kola. Alimwachia namba ya simu, eti lifti za kiwandani zikikwama ampigie.

"Kiwanda chetu hakina lifti," Kola alisema. "Kina ngazi na msimamizi."

"Basi msimamizi akikwama."

*

Fundi lifti ana bahati moja: anaujua mgongo wa kila jengo. Ghorofa alizunguka mji mzima kutwa nzima, na kila alipofungua mlango wa nyuma alikutana na moshi wa mtu anayepika. Ikawa kila siku saa sita na nusu simu ya Kola inatetemeka ndani ya koti, naye anajikunja chini ya cherehani kama mwizi.

"Halo, mke wangu wa saa saba."

"Sema haraka, msimamizi yuko mstari wa tatu. Leo wapi?"

"Nyuma ya benki. Yupo mama mmoja, viazi na mboga za majani, anapakua kama anakuchukia."

"Kidogo?"

"Kingi! Anakutupia ili uondoke."

"Nakuja. Nipangie foleni, baba."

Walijifunza mambo ambayo hayaandikwi popote. Kwa mwenye miwani nyuma ya posta, usifike mapema: maharage ya juu ya sufuria ni mchuzi mtupu, mazito yako chini, na chini hufikiwa saa saba na robo. Kwenye gereji, samaki ni wadogo lakini ukoko wa wali ni bure kwa anayeuomba kwa heshima. Ijumaa waende kwa Mama Upawa, maana Ijumaa hataki kurudi na kiporo nyumbani. Walinunua sahani moja iliyojaa badala ya mbili za nusunusu, wakala pamoja, na walishiba kuliko wenye mbili. Baada ya mwezi Ghorofa akanunua vijiko viwili vyake mwenyewe. Aliviviringisha kwenye kitambaa safi, akaviweka kwenye mkoba wa kazi kati ya spana na koleo.

Hapo ndipo ulipozaliwa utani wao. Ghorofa akitaka kumchokoza, alikuwa anasema "karibu" na mikono yake imetulia mezani.

"Hiyo ni ya mdomo," Kola alikuwa anajibu. "Sili."

Kisha Ghorofa anafungua kitambaa, anamwekea kijiko kiganjani. "Haya. Karibu."

"Hiyo sasa ni ya kijiko."

Walipendana, tusizunguke. Kola alianza kuvaa hereni kiwandani, akavua lile koti kabla ya kufika kwenye foleni ili gauni lionekane. Ghorofa alijifunza kunawa hadi kwenye viwiko. Alimpulizia wali ukiwa wa moto. Siku moja mvua iliwakuta nyuma ya posta, wakala wamesimama chini ya kipande kimoja cha bati, sahani katikati, na Kola akajisikia moyoni kwamba angeweza kuzeeka pale pale, chini ya lile bati, na mtu huyu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Hakuwa mtoto wa kudanganywa na viazi.

Lakini kiwandani walisikia lile jina, na wanawake wa mstari wa kola wana ndimi.

"Mke wa saa saba, mumeo hajambo?"

"Hajambo."

"Na saa nane unakuwa mke wa nani?"

Walicheka, naye akacheka nao. Usiku, alipolala chumba kimoja na dada yake na watoto wa dada yake, hakucheka. Alitaka jambo moja tu: mtu huyu ampeleke kwao, mchana kweupe, mlango wa mbele, aseme huyu ndiye. Mengine yote angeyasubiri.

Na Ghorofa alikuwa akimkaribisha! Tatizo ndilo hilo, alimkaribisha mno.

"Karibu nyumbani siku moja, mama atafurahi."

"Siku gani?"

"We acha, siku moja tu."

Wiki inapita. "Karibu nyumbani, Kola. Mama anapika, si kama hawa."

"Lini sasa?"

"Siku moja, mpenzi. Usiwe na haraka."

Mara ya tano Kola hakuuliza lini. Alisema tu kile ambacho kila mtu mwenye adabu husema, "Asante, nitakaribia," akageuza mazungumzo. Neno likirudiwa mno huchakaa, na hili lilikuwa limechakaa hadi linapitisha mwanga.

Sasa nitawaambia alichokuwa nacho Ghorofa moyoni, maana yeye hakuwahi kukisema. Aliogopa. Mama yake alikuwa mjane, mwanamke wa mambo kwa mpangilio, na Ghorofa alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa anasubiri apate ujasiri wa kumtajia mama kwamba yupo mtu. Ilimchukua miezi minane. Jumanne moja asubuhi, akifunga viatu, akalitoa. Mama alimaliza kumimina chai. Kisha akasema, "Mlete Jumapili. Nitamwita shangazi yako na baba yako mdogo. Mtu haletwi kwa mama tu, kama kifurushi."

Kesho yake Ghorofa alikuwa juu ya paa la lifti, ndani ya shimo, ghorofa ya tisa, tochi kichwani. Hakuweza kusubiri hadi saa saba. Akapiga simu.

"Kola."

"Ee. Sauti yako inakatika. Leo wapi?"

"Leo sitoki hapa, lifti mbovu, na kesho na keshokutwa natumwa ng'ambo ya mji. Sikiliza. Jumapili..." Alikuwa amepanga maneno mazuri usiku kucha, ya shangazi, ya baba mdogo, ya mama kununua kitambaa kipya cha meza. Yote yakamkimbia. "Jumapili kama una nafasi, karibu nyumbani. Mama atakuwepo."

Kola alikuwa ameshika simu kwa bega, kola mkononi, msimamizi anakuja. Alisikia nini? Alisikia *kama una nafasi*. Alisikia *karibu nyumbani*. Ya sita hiyo. Akatabasamu kwa uchovu, akajibu kwa adabu aliyofundishwa na bibi:

"Asante. Nitakaribia."

Ghorofa akakata simu, akaukumbatia waya wa lifti kama ndugu yake. Amesema atakuja!

*

Ijumaa waliongea tena, dakika moja. "Tutaonana basi," Ghorofa alisema. "Tutaonana," Kola alijibu, akifikiria Jumatatu. Jumamosi usiku Ghorofa alitaka kumkumbusha, lakini shangazi aliyekwishawasili akamkataza. "Mtu akishaahidi humsumbui. Utaonekana humwamini."

Jumapili kiwanda kilikuwa na oda ya haraka ya sare za shule. Waliotaka kazi ya ziada walijiandikisha, na Kola alijiandikisha, kwa nini asijiandikishe? Siku za oda, simu zote huwekwa kwenye katoni, na katoni hukaa kwenye droo ya msimamizi. Kola alishona tangu asubuhi hadi jioni, akaimba na wenzake, na mchana wakaletewa mkate na chai.

Kwa Ghorofa mama aliamka alfajiri. Aliosha mchele mara nne. Alipika kuku wawili, mmoja wa mchuzi na mmoja wa kukaanga, kwa sababu hakujua mgeni anapenda upi. Shangazi alivaa gauni la zambarau lenye kitambaa cha nyavu mabegani, lile la harusi ya binti yake. Baba mdogo alivaa koti, akavumilia joto. Sahani tano zilipangwa kwenye kitambaa kipya, na pembeni mwa ile ya mgeni Ghorofa aliweka kijiko, kile kile cha kwenye mkoba wa kazi, amekisugua kwa jivu hadi kinang'aa. Hakuna aliyeuliza kwa nini kijiko kimoja hakifanani na vingine.

Saa saba. Saa saba na nusu. Baba mdogo alieleza habari za foleni za barabarani. Saa nane Ghorofa alipiga simu mara ya kwanza, saa tisa mara ya nane. Saa kumi mama akasema kwa sauti ya kawaida, "Tule. Chakula hakina kosa." Walikula bila kuongea. Mwishoni mama aliichukua sahani ya mgeni, safi, haijaguswa, akaiosha hata hivyo, akaifuta na kuirudisha kabatini rafu ya juu.

Saa kumi na mbili jioni Kola alitoa simu yake kwenye katoni. Akakuta amepigiwa mara kumi na moja. Akapiga pale pale langoni, moyo unamwenda mbio, akidhani mtu ameumia kazini.

"Ghorofa! Kuna nini? Uko salama?"

"Unaniuliza mimi kuna nini?"

"Nilikuwa kazini. Simu zilikuwa—"

"Kazini." Nyuma yake ilisikika sauti ya mwanamke mtu mzima ikisema, mwache, mwanangu, ameshajibu. "Mama yangu amesimama jikoni tangu alfajiri, Kola. Umeila siku nzima ya mama yangu. Umeshiba?"

"Sijui unaongea nini! Niambie!"

Simu ilikuwa imekatwa.

*

Siku tatu Ghorofa hakupokea simu. Ya nne Kola alimfuata. Aliwauliza walinzi wa majengo manne lifti gani imeharibika, akampata mlangoni mwa jengo la maofisi ameketi juu ya mkoba wake, anakula mkate mkavu peke yake. Hapo ndipo yalipotoka yote, kuku wawili, gauni la zambarau, koti la baba mdogo.

Kola alishika kichwa. "Lakini ulisema *kama una nafasi*!"

"Nawe ulisema *nitakaribia*!"

"Kila mtu husema nitakaribia! Ni jibu tu!"

"Nami ningejuaje?"

"Ungesema, Kola, mama anakusubiri. Maneno matatu. Umenikaribisha mara sita, Ghorofa, mara tano za kwanza zilikuwa hewa. Hii ya sita ningeijuaje? Kijiko hakipiti kwenye simu!"

Ghorofa aliangalia mkate wake. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na hawa wawili walikuwa wamejikwaa pamoja, kila mmoja kwa neno lake la adabu. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye jino bovu. Kola naye akacheka, akalia, akamfuta grisi shingoni kwa kidole gumba.

"Nipeleke," alisema. "Nitapiga magoti kama ni kupiga magoti. Nitamweleza mama mwenyewe."

"Jumapili hii. Nitakuja kukuchukua mkono kwa mkono."

"Ya mdomo au ya kijiko?"

"Ya kijiko, mpenzi wangu. Naapa."

Walikwenda. Kola alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, kola yake imesimama sawasawa, akabeba kapu la matunda. Mama alikuwa mlangoni kabla hawajabisha.

"Karibu, mwanangu! Karibu sana! Pita, pita ndani. Jisikie uko kwenu."

Kola alipiga goti, akasalimia, akaeleza. Hakuacha kitu: oda, katoni, simu, ujinga wake. Mama alisikiliza akiitikia kwa kichwa, tabasamu halikuhama hata kidogo.

"Wala usijali, mwanangu. Kazi ni kazi. Mtu asiache kazi yake kwa ajili ya chakula cha watu."

Aliletewa chai. Kikombe kimoja, kwenye kisahani. Wakaongea habari za mvua. Ikafika saa sita, ikafika saa saba. Jikoni sufuria lilikuwa linachemka, harufu ya mchuzi imejaa sebuleni, na tumbo la Kola, lililozoea saa saba kuliko saa yenyewe, likanguruma hadi wote watatu wakasikia. Mama alitabasamu.

"Tungekula pamoja, lakini sisi leo tumekula mapema. Siku nyingine, mwanangu. Karibu tena siku nyingine."

Kola alimtazama Ghorofa. Alikuwa ameketi kwenye kiti chini ya lile kabati. Vijiko vilikuwa kwenye droo, nusu hatua kutoka mkononi mwake. Alihitaji tu kusimama, avute droo, aseme mama, mgeni wangu ana njaa. Kola alimsubiri. Niamini mimi, alimsubiri kwa moyo wake wote, kuliko alivyowahi kusubiri sahani yoyote.

Ghorofa aliangalia viatu vyake.

"Asante, mama," Kola alisema, akasimama. "Nitakaribia."

Ghorofa alimsindikiza hadi barabarani.

"Mpe muda, Kola. Ameumia."

"Nimemwona. Ana haki ya kuumia. Simlaumu."

"Sasa mbona unaniangalia hivyo?"

"Ungesema neno moja."

"Yule ni mama yangu."

"Sikukwambia umkane mama yako. Nilikuwa na njaa ndani ya nyumba yako, sufuria likichemka, nawe ukakaa. Siku ile ya kwanza kwa Mama Upawa ulikuwa hunijui, ukanigawia nusu ya sahani. Leo unanijua."

"Yataisha haya. Atakuzoea."

"Lini?"

Ghorofa akafungua mdomo, na jibu lililotoka lilikuwa lile lile lililozoea njia.

"Siku moja, mpenzi."

Kola akamrekebishia kola ya shati, akainyoosha vizuri pande zote mbili kama anavyofanya kazini kabla shati halijaingia kwenye boksi. Kisha akaondoka. Ghorofa alipiga simu mara mbili wiki hiyo. Angepiga ya tatu angepokelewa, nawaambia ukweli, kwa sababu Kola alikuwa amelala na simu chini ya mto. Hakupiga. Alidhani anampa muda.

*

Mwaka ukapita na nusu nyingine. Bei zikapanda kila mahali, upawa ukapungua. Kola alikula karibu na lango la kiwanda, haraka, peke yake, sahani ya nusu. Wale wa mstari wa kola waliacha kumwita mke wa saa saba bila mtu kuwaambia. Nyuma ya lile jengo refu hakurudi.

Mpaka siku kibanda cha langoni kilipofungwa tena, mwenyewe amefiwa. Kola alisimama barabarani na koti lake la buluu, dakika thelathini zimebaki, akawaona wafagiaji wanapita. Miguu ikawafuata yenyewe.

Jenereta lilikuwa pale pale. Mama Upawa alinyoosha shingo, akamtambua, uso ukamchanua kisha ukasita.

"Mwanangu umepotea hivyo! Na leo... jamani, kimeisha. Nisamehe. Hata maji ya kuoshea sufuria sina."

"Si kitu, mama. Nipumzike kidogo tu."

Nafasi ilikuwa moja, kwenye benchi la mwisho. Alishaketi ndipo akaona ovaroli ya kijivu.

Ghorofa alikuwa amenenepa kidogo, ndevu zimekatwa vizuri. Hakuwa na sahani ya Mama Upawa. Mbele yake ulisimama mkebe wa chakula wa ngazi tatu, umefunguliwa ngazi ngazi: wali, mchuzi, mboga. Chini yake kilitandikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua madogo pembeni. Kola alikiangalia kitambaa kwa jicho la kazi. Mshono wa mkono, wa subira. Mtu aliukalia jioni nyingi.

Walitazamana. Jenereta liliunguruma, likazima.

"Kola."

"Ghorofa. Hujambo?"

"Sijambo." Mikono yake ilitulia mezani. Kisha akainama kwenye mkoba, akatafuta kati ya spana na koleo, akatoa kitambaa kilichokunjwa. Bado vilikuwa viwili. Akakichukua kimoja, akakisogeza juu ya meza taratibu hadi kikagusa vidole vyake.

"Karibu," alisema.

Tumbo la Kola lilinguruma. Aliusikia wali, wa moto bado, wenye harufu ya mtu aliyeosha mchele mara nyingi.

"Ya mdomo au ya kijiko?"

"Ya kijiko." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Wallahi, Kola. Hii ni ya kijiko."

Alimwamini. Hilo ndilo lililouma, kwamba safari hii alimwamini kabisa.

"Aliyepika ni nani?" aliuliza kwa upole.

Ghorofa akaangalia viatu vyake chini ya benchi.

"Aliamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja," alisema hatimaye. "Mke wangu huamka saa kumi na moja."

Kola akakishika kijiko. Kilikuwa chepesi kuliko alivyokumbuka. Alikizungusha, akakifuta kwa ncha ya koti lake kama siku ile, akakilaza tena kwenye kitambaa chake, mpini ukielekea kwa mwenyewe.

"Basi huwezi kunikaribisha," alisema. "Chakula hiki si chako." Akasimama, akavuta kitambaa cha manjano kwenye nyusi. "Asante. Endelea. Mimi nimeshakula."

Alimuaga Mama Upawa kwa mkono na kutoka kwenye ua. Alipita mgahawa wenye vitambaa vya meza, akapita kibanda kilichofungwa, akapanda ngazi za kiwanda moja moja. Mstari wa kola ulikuwa mtupu, wenzake wote bado wako nje. Msimamizi aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake, akatazama saa ya ukutani, akashangaa.

"Leo umewahi hivi? Umeshakula kweli wewe?"

"Nimekula," Kola alisema, akaingiza kola chini ya sindano. "Nimeshiba."